Rangi Zilizobaki Kwenye Beseni

Machi 4

Mvua. Si kubwa, lakini imekaa kitako kama mgeni aliyekuja na mizigo yake yote.

Daftari hili nimepewa na Bonge. Bonge ni mjukuu wangu wa kike, mtoto wa binti yangu, na jina hilo alilipata kabla hajatambaa, maana alizaliwa na mashavu ya kuwagawia wenzake. "Bibi, nikiwa mlimani wewe niandikie hali ya hewa tu. Imenyesha, haikunyesha, jua limetoka. Basi." Nikamwambia shule mimi niliipita kwa nje nikienda kuchota maji. Akasema, "Lakini kuandika unaandika." Ni kweli. Mama yake alipokuwa darasa la kwanza alifanyia kazi zake hapa mezani, nami nikinakili nyuma ya bahasha huku nikijifanya namsimamia. Kwa hiyo naandika. Ila aliyenipa kalamu asitegemee nitaishia kwenye mvua.

Machi 5

Mvua. Fundi hajaja.

Machi 7

Mvua asubuhi, ukungu mchana. Fundi hajaja. Huyu ni fundi mwashi, jirani yangu wa bondeni, aliyeniahidi tangu kiangazi kwamba ataziba paa la chumba cha nyuma na lile shimo chini ya ukuta wa nyuma. Upepo unaingia shimoni humo na kwenda moja kwa moja kwenye magoti yangu, kama umeelekezwa. Kila nikimwona: "Kesho, Bibi." Kesho yake haina jina kwenye kalenda.

Jioni Bonge amerudi ametota, mkononi vifuko vya kitambaa. Vifuko vinacheza. Nikauliza nini hicho, akasema mijusi. Ndani ya nyumba yangu! Miaka yote nawafukuza kwa fagio, leo wanabebwa na kuingizwa mlangoni kama wakwe.

Amenieleza, na nimemwelewa kuliko alivyodhani. Ni mijusi wa ukoo mmoja. Wengine wako kwenye majabali huku chini, wengine katika msitu wa katikati, wengine kule juu kwenye nyasi na baridi. Wa majabali ni bapa kama soli ya kandambili. Wa msituni wembamba, mkia mrefu kuliko mwili. Wa juu ni vibonge, miguu mifupi, weusi weusi. Chuoni wamemuuliza: je, ni mahali anapoishi mjusi ndipo panapompa umbo lake, na ni mahali gani hasa? Ndiyo kazi yake yote ya mwaka.

Amewaweka kwenye ndoo tatu chumba cha nyuma. Kila mmoja amempaka tone la rangi ya kucha mgongoni ili asimpoteze: nyekundu wa majabali, nyeupe wa msitu, bluu wa juu.

"Mke mwenza," nikamwambia, "mimi na uzee wangu huu sijapakwa rangi ya kucha. Mijusi wamenitangulia."

"Leta kidole, Bibi."

Nikampa kidole. Sasa naandika na kucha moja ya bluu.

Machi 10

Mvua. Binti yangu amepiga simu. Hakusalimia hata vizuri.

"Mama, mwambie mwanangu arudi. Shangazi yake amemwekea nafasi dukani, kwenye vifaa vya ujenzi. Haitamngoja milele."

"Ana kazi yake hapa."

"Kazi gani? Kushika mijusi? Mwaka jana alifeli, mwaka huu mwalimu wake kamwambia mwezi wa tano ukianza bila vipimo, nafasi anapewa mwingine. Mama, wewe mwenyewe unamwona. Mwili ule ni wa mlima?"

Sikumbishia, maana siku alipomleta mimi nilisema maneno hayo hayo. Nilimwona Bonge anapandisha ule mteremko wa kisimani, anasimama, anahema, anashika kiuno, nikasema kwa sauti: mwili huu Mungu aliutengeneza kwa ajili ya kiti. Bonge alicheka. Mimi nilikuwa sitanii.

Machi 12

Ukungu. Nimekamata nzi jikoni kuwalisha watu wa ndoo. Mjusi mmoja wa rangi nyeupe ana kiburi, anataka nzi aliye hai tu. Namjua mtu wa namna hiyo, nilizaa naye.

Machi 13

Mvua. Fundi hajaja.

Machi 15

Jua kidogo asubuhi. Bonge ametazama juu, akafunga buti. Anataka kuongeza wa juu, hawatoshi.

"Si uwapime hawa kwanza?" nikamwambia.

"Hapana, Bibi. Nawapima wote kwa mkupuo. Mkono wa leo si mkono wa wiki ijayo, leo nitabana kipimo sana, wiki ijayo kidogo. Nikiwapima siku moja, kosa la mkono linakuwa moja kwa wote. Halafu namrudisha kila mmoja kwake, palepale nilipomtoa."

Anawakamata kwa fimbo ndefu yenye kitanzi cha uzi kwenye ncha. Anamsogelea mjusi taratibu, anamvisha kitanzi shingoni kama anamvisha mkufu, anavuta. Mtoto mzito vile, lakini akishika ile fimbo hata jani halijui kama kuna mtu.

Nimemfungia viazi vya kuchemsha. Kesho kutwa atarudi.

Machi 16

Mvua kubwa sana.

Machi 17

Mvua kubwa sana. Kijito cha pale chini kinanguruma, nakisikia nikiwa kitandani. Watu wanasema daraja la magogo limekwenda. Simu yake haipatikani.

Fundi hajaja, na leo sikumlaumu. Leo nimelaumu kila kitu kingine.

Machi 18

Mvua. Hajarudi.

Niandike yote kama yalivyokuwa.

Paa la chumba cha nyuma limeshindwa. Nimeingia kuwalisha mijusi nikakuta maji yanadondoka ndani ya ndoo zote tatu. Nimemshika mmoja, baridi kama kijiko. Hajitikisi. Nimemshika mwingine, vivyo hivyo. Nikampulizia pumzi, akafungua jicho moja, akalifunga. Nikasema huyu mtoto yuko juu mlimani anapigwa na mvua kwa ajili ya viumbe hawa, akirudi akute wamekufa mikononi mwangu? Haiwezekani.

Jikoni kwangu pana nafasi ya chombo kimoja tu karibu na jiko. Nikachukua beseni langu kubwa la kufulia, nikatandika kanga kuukuu, nikawaweka wote humo pamoja, nikafunika na chandarua. Rangi si wanazo mgongoni? Nyekundu, nyeupe, bluu. Akija atawachambua kama maharage.

Baada ya muda wakaanza kutambaa. Nimekaa nao, nimewaimbia. Asicheke mtu.

Machi 19

Mvua. Hajarudi. Mijusi wazima, wanakula. Mimi sili.

Binti yangu amepiga simu tena. Nimemdanganya kwamba mtoto amelala.

Machi 20

Amerudi! Alikuwa amekwama ng'ambo ya kijito, amelala kwenye kibanda cha wakata kuni, amekula viazi vyangu na mvua. Nimemshika uso, nimemtukana, nimemkumbatia, nimemtukana tena. Kibegi chake kina wa bluu wengine, kila mmoja na kifuko chake.

Nikamwambia kwa majivuno, "Njoo uone nilivyokuokolea watu wako." Nikafunua chandarua.

Akachungulia. Akaingiza mkono akatoa kitu chembamba, cheupe, kama ganda la kitunguu. Katikati ya ganda hilo palikuwa na tone la rangi nyekundu.

"Wamejivua ngozi, Bibi," akasema.

Beseni zima lilikuwa na maganda. Joto na unyevu vimewaharakisha. Matone yote yamelala chini kwenye kanga yangu, nyekundu, nyeupe, bluu, na mijusi wanatembea juu yake, migongo mipya, safi, wanang'aa. Wawili watatu tu ndio waliobaki na rangi.

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Amevua buti, amekaa chini sakafuni kando ya beseni na nguo zake mbichi.

Machi 21

Mvua nyembamba. Leo tumegombana.

Usiku sikulala, nikapata dawa. Asubuhi nimemwita jikoni. "Mke mwenza, tunalia nini? Macho si tunayo? Huyu hapa bapa, wa majabali. Huyu mkia kama kamba ya ndoo, wa msitu. Huyu kibonge, wa juu kabisa. Mpaka chai ichemke tumemaliza."

"Haiwezekani, Bibi."

"Haiwezekani vipi? Nimeshakutengea watano."

"Nimeulizwa kama umbo linafuata mahali. Nikiwagawa kwa umbo, halafu niseme tazameni, kila mahali pana umbo lake, nimefanya nini? Ni sawa na kusema fulani ni mwizi. Kwa nini? Kwa sababu yuko jela. Na jela yuko kwa nini? Kwa sababu ni mwizi."

"Lakini kama kweli ni mwizi?"

"Labda ni kweli. Lakini mimi sitakuwa nimejua. Nitakuwa nimezunguka tu."

"Mwalimu wako hatajua."

"Hatajua."

"Na mijusi hawasemi."

"Hawasemi."

"Sasa?"

"Sasa nipe kisu nikumenyee viazi."

Akamenya viazi kwa hasira, maganda manene, nusu ya kiazi inakwenda na ganda. Nikamwambia wewe ni mkaidi kama mama yako. Nikamwambia watu wanasoma ili wafaulu, wewe unasoma ili ufeli vizuri. Nikamwambia basi nenda ukauze misumari kwa shangazi yako, huko kila kitu kimeshaandikwa ukubwa wake.

Akaweka kisu, akavaa buti. Alipotoka nikayaokota maganda ya viazi, nikayakwangua. Sipendi chakula kitupwe.

Machi 22

Mvua. Ameanza upya. Ameshuka kwenye majabali na fimbo yake. Hajanisemesha zaidi ya shikamoo.

Machi 23

Mvua. Shikamoo, marahaba.

Machi 26

Mvua. Nimekata ile kanga ya beseni vipande, nimemshonea vifuko vipya, na kila kifuko nimekishonea uzi wa rangi yake ndani ya pindo, ambako hautoki hata ukiufua. Nimeviweka juu ya buti zake.

Jioni amesema, "Bibi, pindo lako limenyooka."

"Pindo langu limenyooka tangu mama yako hajazaliwa. Kula."

Machi 30

Ukungu. Ameteleza msituni, goti limevimba kama embe. Nimelikanda kwa maji ya moto. Nikamwambia apumzike, akasema mvua haipumziki. Nilikuwa nalitazama lile paja nene ninalolikanda, na kwa mara ya kwanza nikaona lina misuli chini yake, migumu kama mti. Hii si miguu ya kiti. Sijui imeota lini, au ilikuwepo nami nilikuwa natazama mashavu tu.

Aprili 2

Mvua. Fundi nimekutana naye njiani. "Kesho, Bibi." Nikamwambia kesho nitakuwa nimekufa, aje kunichimbia basi, jembe si analo. Akacheka. Mtu asiye na aibu ana afya njema sana.

Aprili 6

Mvua. Bonge yuko juu. Namna ya kukaa nyumbani mtu akiwa juu bado sijaijua.

Aprili 9

Leo nimekimbia, na umri wangu huu.

Nilikwenda nyuma ya nyumba kutoa kuni. Pale kati ya choo na ukuta wa nyumba jua halifiki, nyasi zimefungamana, pana lile shimo la fundi chini ya ukuta. Nikamwona anatoka shimoni, mjusi kibonge, mweusi mweusi, miguu mifupi, tumbo linafagia nyasi. Nikasema lo, mmoja wa wale wa juu ametoroka beseni! Nikachukua fagio, nikavua kandambili. Akaingia shimoni, akatoka, akaingia. Nikalala kifudifudi kwenye matope, nikaweka kitanzi cha uzi kama nilivyomwona mjukuu wangu akifanya. Nilimpata. Nilimpata baada ya kuongea naye maneno ambayo siyaandiki.

Bonge aliporudi jioni nikampa kifuko. "Mtoro wako huyu. Wa juu kabisa, tazama mwenyewe."

Akaenda kwenye beseni, akahesabu. Akahesabu tena.

"Beseni hawajapungua, Bibi."

"Basi umekosea."

"Hawajapungua. Huyu umemtoa wapi?"

Nikampeleka na tochi. Akalala kifudifudi palepale nilipolala mimi. Akakaa muda mrefu. Kisha akaanza kucheka humo shimoni, kicheko kinagonga ukuta.

"Bibi, wamo wengi. Wanaishi humu."

"Huku chini? Wale vibonge?"

"Huku chini. Nyuma ya choo chako."

Tuliporudi ndani alikuwa na matope mpaka kwenye nyusi. Akaniuliza taratibu, bila kunisuta, "Ile siku ungewagawa wewe, huyu ungempeleka wapi?"

Nikamwambia chai yake inapoa.

Aprili 10

Mvua. Nimefikiri sana. Nilikuwa na uhakika kabisa. Ningeapa.

Aprili 18

Ukungu, jua mchana. Ametafuta kila pembe ya huku chini: nyuma ya nyumba ya fundi, kwenye kuta za zizi, kando ya kisima. Penye majabali makavu, bapa. Penye nyasi nzito na kivuli cha baridi, vibonge, iwe juu mawinguni au chini ya choo cha kikongwe. "Si urefu wa mlima, Bibi," ananiambia huku anatafuna. "Nilidhani ni urefu. Ni pale anapolaza tumbo lake."

Aprili 20

Leo amepima wote kwa mkupuo. Mimi nafungua kifuko, nasoma rangi ya pindo, yeye anabana kipimo, anaandika. Urefu wa mwili, mguu wa nyuma, unene wa kichwa. Tumemaliza taa ikiwa imewashwa. Mgongo wangu umekuwa ubao.

Aprili 24

Mvua ndogo. Amewarudisha kila mmoja kwake. Wale wa beseni waliopoteza rangi wamebaki. Sasa hata kwa kuwaangalia hatuwezi kusema kibonge huyu ni wa juu au wa chini. Hawana pa kurudishwa. Watakwenda chuoni, watalishwa humo mpaka mwisho wao. Hilo ni langu, mimi na jiko langu. Nimewakamatia nzi wanono.

Aprili 27

Binti yangu amekuja. Ameingia na mkoba mmoja mtupu, wa kubebea nguo za mwanawe.

"Yuko wapi?"

"Mlimani. Amekwenda kung'oa vigingi alivyoweka alama pale alipowakamata."

"Na hilo goti? Mama, nimeambiwa goti lilivimba, na siku zile alipokwama mlimani wewe ulinidanganya amelala! Wewe ndiye uliyesema mwili wake si wa mlima. Ulisema mbele yangu."

"Nilisema. Nilitazama kwa macho tu."

"Kwani watu wanatazama kwa nini?"

Nikamkalisha. Nikampa kikombe cha chai na kile kikopo cha nzi. Nikamwambia awalishe watu wa beseni, na yule mwenye kiburi ampe aliye hai. Alikataa, kisha akakubali, maana mimi ni mama yake. Nikamsimulia yote, tangu ndoo mpaka shimo. Nilipofika kwenye viazi alicheka mpaka akaweka kikopo chini. "Alimenya hivyo hivyo siku nilipomkataza kusomea mijusi," akasema.

Bonge alitokea kule juu ya mteremko tukiwa mlangoni. Alikuwa anashuka na mzigo, mguu mmoja unabeba mwingine, hasimami, hashiki kiuno. Mama yake alimtazama mpaka alipofika.

Alimpokea mzigo.

Aprili 30

Mwalimu amekuja, mtu mrefu mwenye soksi zilizolowa. Amesoma vipimo meza nzima. Alipofika habari ya beseni aligomba, kwamba mijusi hawawekwi pamoja kamwe, kwamba rangi ya kucha haiaminiki, kwamba nusu ya msimu imepotea. Bonge akasema, "Ndiyo, mwalimu." Mimi nikasema, "Beseni ni langu, gomba na mimi." Akanitazama, akarudi kwenye karatasi. Akakaa sana kwenye ukurasa wa shimo la nyuma ya choo.

"Hawa wa ukutani," akasema, "uliwafikiria tangu mwanzo?"

"Hapana. Bibi alidhani wametoroka."

Nafasi anayo. Tena anatakiwa arudi kiangazi, apime tena, aanzie na shimo langu. Binti yangu ameondoka na mkoba wake mtupu.

Mei 2

Jua! Jua kamili, tangu asubuhi.

Fundi amekuja. Amekuja na ngazi, ndoo ya saruji na mwiko, anapiga mluzi kama mtu aliyewahi. Nikamwambia apande azibe paa. Akaziba. Akashuka, akazunguka nyuma, nikasikia anakwaruza mwiko, anajiandaa kuziba lile shimo. Nilitoka na kandambili moja.

"We! Toa mkono wako hapo!"

"Bibi, si ndilo shimo ulilonipigia kelele tangu kiangazi? Ulisema upepo unakula magoti."

"Wacha ule."

"Na nyasi je? Nizifyeke?"

"Ukigusa hata jani moja nitakufyeka wewe."

Akasimama na saruji yake inakauka, ananitazama kama niliyepotewa na akili. Mle shimoni kitu kikasogea, kichwa kifupi, cheusi, kikachungulia jua, kikarudi ndani.

Nimeingia nikavaa soksi mbili mbili.